Msiitupe ile GPS ya manjano

Najua nimeadimika. Kulikuwa na majaribio, halafu ikaja ile kazi ya saikolojia ya elimu ambayo nusu ya darasa bado tunadaiwa. Lakini leo sijaja kulia kuhusu masomo. Leo nataka kubishana na jamaa zangu wa kimbweta, maana juzi waliniambia kwa sauti moja nikatupe mali ya kijiji kizima jalalani.

Mali yenyewe ni GPS, Garmin eTrex, ile ya manjano iliyotoka mwaka 2000. Inakaa kwenye kiganja, inakula betri mbili ndogo za redio, na kioo chake ni cheusi na kijivu kama cha simu ya tochi. Imetoka kwetu Piyaya, wilaya ya Ngorongoro, ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha shuka jekundu, na ujumbe ulikuwa mfupi: wewe si uko chuo, toa kilichomo.

Kilichomo ni nini? Miaka ya mwanzoni mwa 2000 watu wa mradi mmoja walipita kwetu kupima nyanda za malisho. Wakatembea na wazee siku kadhaa, wazee wakaonyesha, kifaa kikaandika: hapa kisima, hapa mifugo inalamba chumvi, hapa njia ya kiangazi, hapa ndipo olopololi inapoanza (kwa msio Wamasai, hayo ni malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu). Mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka na ramani yao, GPS ikabaki kijijini. Wazee waliotembea nayo walikuwa wanne. Leo yuko mmoja, na nikimwita babu muelewe ni babu kwa heshima ya rika lake.

Sasa jamaa wa kimbweta wanasema: "Si una simu? Simu yako ina GPS kali kuliko hiyo takataka." Ni kweli kabisa. Simu yangu ina ramani, ina picha za satelaiti, ina kila kitu isipokuwa kile wazee walichoonyesha. Huwezi kununua simu mpya yenye marehemu ndani yake. Hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanicheka.

Tatizo ni mlango. Ukifunua kile kipande cha mpira nyuma ya eTrex unakuta vituo vinne vya shaba. Hakuna USB. Waya wake unaishia kwenye kile kichwa chenye umbo la herufi D chenye matundu tisa, ambacho wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hawajawahi kukiona maishani. Ndiyo porti ya mfululizo, kwa jina la kitaalamu RS-232. Kanuni zake zilitolewa Marekani mwaka 1960, enzi za mashine za kupokelea maandishi kwa njia ya simu, kabla hata ya uhuru wetu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1984 ndiyo iliyolizoesha lile umbo la pini tisa, na kwa miaka mingi kila kompyuta ilikuwa nalo moja au mawili: hapa panya, pale modemu. USB ikatoka mwaka 1996. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na porti ya mfululizo kabisa, watu wakapiga kelele, na baada ya miaka kadhaa wengine wote wakafuata. Leo geuza laptopu yako pande zote, hutaiona.

Lakini lugha yenyewe haijafa, na ni rahisi kuliko nyingi tunazofundishwa. Waya mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia, mmoja wa ardhi. Herufi zinapita biti moja baada ya nyingine, kama mbuzi wanaopita kwenye mlango wa boma mmoja mmoja ukiwahesabu jioni. Kila herufi ina biti ya kufungulia, biti nane zenyewe, na biti ya kufungia. Kwa kasi ya 9600, ambayo ndiyo GPS hii inaitumia kuzungumza na programu yake, unapata herufi 960 kwa sekunde. Polepole? Ndiyo. Lakini pointi zote 500 ambazo kifaa hiki kinaweza kubeba zinapita kwa muda mfupi kuliko foleni ya chai ya kafeteria.

Ndiyo maana wenye kazi zao hawajaiacha. Waulizeni wanafunzi wa upimaji ardhi, mashine zao za kupimia pembe na umbali zimetoa data kwa RS-232 miaka na miaka. Na niliwahi kuona maabara moja (siitaji) yenye mashine nzuri tu ya kupima mwanga unaopita kwenye kimiminika, imefungwa kwenye kompyuta kuukuu, juu yake pamebandikwa karatasi: USIIZIME. Maana siku ikizimwa ikagoma kuwaka, mashine ya mamilioni inakuwa kabati. Si kwamba mashine ni mbovu, ni kwamba aliyejua kuisemesha alistaafu!

Haya, tulifanyaje. Nilienda mjini kutafuta adapta, ule waya wenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Wa kwanza nilionunua uliletwa na kijana aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni orijino. Nikauchomeka, Windows ikaweka alama ya mshangao ya manjano, kwisha habari. Ndani ya adapta hizi kuna chipu inayotafsiri USB kuwa mfululizo, na chipu za kuiga ni nyingi sokoni kiasi kwamba watengenezaji wa chipu halisi walishaanza kupigana nazo kwa kutumia draiva. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti ilitoa draiva kupitia masasisho ya Windows, ambayo ilipokutana na chipu ya kuiga iliifuta namba yake ya utambulisho, na adapta ikawa haitambuliki tena kwenye kompyuta. Watu walichachamaa, draiva ikaondolewa. Mi naona walikosea kwa sababu moja tu: aliyeumia hakuwa mwizi wa chipu, alikuwa mnunuzi wa mwisho ambaye hana namna ya kufungua plastiki ndani ya duka aangalie.

Adapta ya pili ilikubali. Ila Windows ikaipa jina COM9, na hapa ndipo programu za zamani zinapowashinda wengi. Programu ya miaka hiyo inajua COM1 mpaka COM4 basi. Ukiiambia COM9 ni kama umwambie bibi yako akupigie kwa video. Dawa yake haihitaji digrii: unaingia kwenye orodha ya vifaa vya Windows, unafungua mipangilio ya juu ya porti hiyo, unabadilisha namba kuwa COM3. Dakika moja. Nina hakika kuna vifaa vingi nchi hii vimekaa kabatini kwa ajili ya hiyo dakika moja.

CD iliyokuja na GPS nayo ilikuwa na visa vyake. Faili la kusakinishia lilikuwa la biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, hata uibembeleze vipi. Mwenzangu wa chumbani anayesoma sayansi ya kompyuta akaniwekea VirtualBox, yaani kompyuta ya kufikirika ndani ya laptopu, tukaweka humo Windows ya zamani ya biti 32, halafu tukaielekeza COM1 yake ya kufikirika kwenye COM3 yangu ya kweli. Kile kizee kikaamka kikadhani bado tuko 2001. (Kwa programu za kale zaidi, zile za DOS zilizokuwa zinaigusa porti moja kwa moja bila kuomba ruhusa, kuna DOSBox inayofanya ujanja wa aina hiyohiyo.) Tahadhari tu: Windows ya zamani hivyo usiipe intaneti hata kidogo. Ifanye kazi yake, uifunge.

Kisha kwenye GPS yenyewe unaenda mipangilio, sehemu ya mawasiliano, unachagua GARMIN, maana ikiachwa kwenye NMEA inatoa tu mahali ulipo sasa hivi na haitoi kilichohifadhiwa. Bonyeza pokea. Zikaanza kushuka. Sitadanganya, nilisimama kitandani.

Baadaye nikavuta tena kwa programu ya bure inayoitwa GPSBabel, ambayo haihitaji Windows ya zamani wala CD, inazungumza na vifaa hivi moja kwa moja. Nikalinganisha mavuno mawili, yakalingana. Mtaniuliza kwa nini sikuanza na hiyo. Kwa sababu kazi hii ukiwa na nakala moja tu kutoka njia moja tu, hujui kama umepata kila kitu au umepata kilichokubali kutoka.

Sasa nije kwenye kilichoniuma, maana kebo ilikuwa nusu ya shughuli. eTrex hii inakubali majina ya herufi sita tu. Sita! Aliyekuwa ameishika siku zile alilazimika kuyakata majina ya mahali, majina ya Kimasai yenye urefu wake, akabakiza vipande. Kwa hiyo kilichoshuka kwenye laptopu yangu ni mistari mfano OLPO01, OLPO02, KISIM3, NJIAKZ. Hivyo vinasomeka. Lakini kuna vingine ni mifupa mitupu, konsonanti tatu na namba. Vipo mahali gani, najua mpaka sehemu ndogo ya dakika ya digrii. Ni nini, anajua babu.

Jioni tatu nimekuwa nikipiga simu. Mtandao wa kwetu mnaujua: mpaka mtoto apande kilima na simu ya babu, wakae jiwe fulani. Namsomea, namwambia "babu, baada ya lile korongo kuelekea upande wa Ol Doinyo Lengai, mwendo kama wa nusu saa, kuna kitu gani?" Ananyamaza, halafu anaanza kutoka mbali, nani alihamia pale, mwaka gani ukame ulikuwa mkali, ng'ombe wa nani walikufa, na katikati ya hadithi ndipo jibu linapotoka. Pointi moja ikatuchukua salio la shilingi elfu mbili. Sijutii hata senti. Majivu ya mlima ule ulipolipuka kati ya 2007 na 2008 anayasimulia kama ya wiki iliyopita, na kumbe baadhi ya njia ziliachwa wakati huo, watu wakahamisha mifugo. Hilo halimo kwenye GPS.

Kuna anayeuliza, pointi hizi zina faida gani leo? Ndugu zangu, kwetu sasa hivi hata bibi asiyejua kusoma anajua neno koordineti. Juni 2022 viliwekwa vigingi vya kutenga kilomita za mraba 1,500 za tarafa za Loliondo na Sale, na mwaka huohuo eneo hilo likatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Piyaya ni kati ya vijiji vilivyoguswa. Siingii kwenye kesi na siasa za jambo hilo hapa, wapo wanaolijua kunizidi. Nasema tu kwamba watu wanapokaa mezani kuzungumzia malisho yako wapi na maji yako wapi, kila upande una karatasi isipokuwa mfugaji, ambaye ana kumbukumbu. Na kumbukumbu ya mfugaji ilishaandikwa mara moja, kwa miguu ya wenyewe, ikafungiwa kwenye kifaa cha manjano kwa kukosa waya. Pointi za GPS si hati, hazimpi mtu ardhi. Lakini ni afadhali kuwa nazo kuliko kusema "kule, nyuma ya kile kilima".

Na kama unazo, uzielewe. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, GPS yenyewe inafikiri kwa mfumo wa WGS84. Namba zinafanana sura kabisa, ila ukichukua za mfumo mmoja ukazibandika kwenye ramani ya mwingine, kila kitu kinahama karibu mita 300. Mita 300 kwenye tambarare ni kuhamisha kisima kutoka upande huu wa mpaka kwenda ule. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa nimeandika WGS84 kwa herufi kubwa, na nitaendelea kuandika hata mkiniita mchoshi.

Sasa zamu yetu sisi wa Elimu. Mimi nasoma Fizikia na Hisabati, mwakani Mungu akipenda nitasimama mbele ya kidato cha tatu. Kozi yetu ya teknolojia imenifundisha kuandika barua, kutengeneza jedwali na slaidi zenye maua yanayozunguka. Haijanifundisha jinsi kifaa kimoja kinavyozungumza na kingine. Halafu tunashangaa shule inapewa kompyuta za msaada, baada ya miaka miwili zimefunikwa vitambaa kama maiti. Mimi naona porti ya mfululizo ni zawadi kwa mwalimu wa fizikia kwa sababu ni ya taratibu na inaonekana. Kati ya volti 3 na 15 hasi ni moja, kati ya 3 na 15 chanya ni sifuri. Chukua multimita ya maabara, gusa pini ya tatu na ya tano wakati hakuna kinachotumwa, inatakiwa usome volti hasi. Ukisoma sifuri, jua adapta yako ya bei poa inakudanganya. USB huwezi kuifanyia hivyo. Na eTrex ina mpangilio wa kutoa maandishi ya kawaida, kila sekunde mstari mmoja wenye saa na mahali ulipo, bila programu yoyote maalumu. Mtoto wa kidato cha tatu akiona mstari ule unabadilika anapozunguka uwanja wa shule, atakuwa ameelewa jambo ambalo slaidi zangu za maua haziwezi kumwelewesha.

Wenzangu wa kompyuta watasema namtukuza mzee. Hapana. Sikusema tuendelee kutumia GPS ya 2000, wala ile programu. Kifaa cha zamani kikishatoa kilichomo, kistaafu kwa heshima. Ninachokataa ni kustaafishwa kabla hakijasema. Na nina neno kwa wote wanaokuja vijijini na miradi, wakiwemo wenzetu tutakaohitimu nao na kwenda kuajiriwa huko: mnapoondoka acheni data kwenye faili la maandishi ya kawaida, na acheni waya. Programu yenu yenye jina zuri itakufa. Faili la maandishi kila kompyuta inalifungua, ya jana na ya kesho. Na karatasi haihitaji draiva.

Kwa sasa nimechapisha orodha nzima nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja ya shule, moja ya babu, ambayo najua ataikunja aiweke kwenye lile boksi la chuma chini ya kitanda pamoja na kadi za chanjo za ng'ombe. Kila mstari una jina fupi la kifaa, jina kamili kwa Kimasai, maelezo ya babu kwa Kiswahili, na namba.

Zimebaki pointi kumi na moja ambazo hata yeye hakuzitambua kwa simu. Anasema nisimsumbue na namba, nije tukaone. Nikimaliza TP napanda basi la Arusha, na huko mbele tutatembea.